Dumu la lita ishirini lilivyosoma kilo kumi na nane, nikaitwa mwizi na shemeji yangu

Wakuu, mwangaluka.

Hili limenikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Nina mashine ndogo ya kukamua alizeti hapa Kagongwa. Mama Kulwa, mke wa marehemu kaka yangu, anapikia wachimbaji kule Geita. Tangu kaka afariki, mafuta anachukua kwangu.

Juzi kati nikamtumia dumu la lita ishirini kwa basi, kama kawaida.

Jirani yake muuza mchele akamwazima mizani. Wakapima, wakatoa uzito wa dumu tupu, ikabaki kilo kumi na nane na ushee.

Akanipigia.

"Shemeji, kaka yako angekuwa hai ungenipunja hivi?"

Nikajaribu kumweleza kwamba lita na kilo ni vitu viwili. Akakata simu.

Jioni habari zikawa zimefika hadi kwa mama yetu kijijini, kwamba nakula jasho la yatima. Mama alilia.

Hapo nikaona simu haitoshi. Kulipokucha nikapanda gari la Geita.

Nilimkuta bandani kwake, wachimbaji wanakula.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba," akajibu huku anageuza chapati, hata kunitazama hataki.

Sikubishana. (Wakuu, msibishane na mtu aliyeshika mwiko wa moto.) Niliomba ile mizani na chupa tupu ya maji ya lita moja.

Tukapima chupa tupu kwanza. Tukaijaza maji. Ukitoa uzito wa chupa, kilo moja.

Tukamwaga, tukaikausha, tukajaza mafuta mpaka usawa uleule. Mshale ukagoma kufika kilo. Gramu mia tisa na kitu.

Akaninyang'anya chupa, akapima mwenyewe kwenye mizani. Vilevile.

Akageukia sufuria ya mchuzi, akachungulia ndani.

"Mayo! Kumbe ndiyo maana mafuta yanaelea juu. Ni mepesi kuliko maji!"

Mimi nilitaka yaishe kimyakimya. Yeye akakataa. Akagonga mwiko kwenye sufuria, banda zima likatulia.

"Niliwaambia huyu shemeji yangu ni mwizi. Nimemsingizia. Hajaniibia hata tone."

Kisha akampigia mama kijijini, akayarudia yote, sauti inamkatika. Mimi nilitoka nje kidogo, nikajifanya naangalia bodaboda.

Sasa wakuu, lita moja ya alizeti ni kama kilo 0.92. Una lita unataka kilo, zidisha kwa 0.92. Una kilo unataka lita, gawanya kwa hiyohiyo 0.92. Na ukiambiwa "dumu la ishirini", uliza kwanza: ishirini za lita au za kilo?

La pili, ndugu akikuita mwizi, mfuate alipo. Kwenye simu mtaishia kukatiana tu.

Wenye mawese na pamba, yenu yanasomaje mkiyapima? Na nani mizani imeshamgombanisha na nduguye? Semeni, nasoma zote.