Bibi Kitana Anaingoja Gemu

Ukiingia saluni ukamkuta yule msusi wa kiti cha dirishani ameinamia kichwa cha mteja huku akibishana kama joka litakuwa na vichwa vitatu au vinne, usishtuke. Hajarukwa na akili. Anaingoja gemu.

Ndiyo, gemu! Mama mzima, vidole vimekomaa kwa kusuka tangu usichana wake, anaingoja gemu kama watoto wanavyongoja likizo. Wateja wanamcheka, naye anacheka nao, kisha anavuta nywele kwa nguvu kidogo kuliko inavyotakiwa, na kicheko kinakoma.

Aliyemwingiza huko ni mwanawe wa pekee, fundi majokofu katika mji wa mbali. Kijana mzuri, hana makuu, ila mdomo mzito. Mzito kweli! Mama akipiga simu, ni hivi:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Habari za kazi?"

"Nzuri."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Na huko kuna jipya gani?"

"Hakuna."

Basi, imekwisha. Mama anabaki ameishika simu mkononi, hana alichoambulia.

Siku moja kijana akachaguliwa kuijaribu gemu mpya kabla haijatoka, ile ya mtandaoni, ambayo watu wengi wanacheza pamoja na kila mmoja ana mhusika wake. Akaruhusiwa kuja na mwenzake mmoja. Marafiki wote walikuwa wameshapata wenzao, akampigia mama yake.

"Wewe njoo tu, mama. Utakuwa mganga. Kazi yako ni kuniponya nikiumia."

"Kwani siku zote nafanya kazi gani?"

Akaifuta vumbi kompyuta aliyoachiwa na mwanawe, akajiita Bibi Kitana. Mwanawe alikuwa Mkuki. Siku za kwanza zilikuwa vituko vitupu. Bibi Kitana anaparamia miti, Bibi Kitana anaanguka mtoni, Bibi Kitana anampiga Mkuki dawa akiwa mzima wa afya. Siku nyingine, katikati ya vita, alimponya mbwa mwitu.

"Mama! Umemponya adui!"

"Si naye alikuwa anavuja damu, masikini?"

Lakini kilichomnasa si vita. Katika yale majaribio hapakuwa na usafiri. Kutoka mji mmoja hadi mwingine unatembea: msitu, kisha tambarare, kisha daraja refu ajabu, na kwa mwendo mrefu hakuna hata adui wa kuchokoza. Mkuki mbele, Bibi Kitana nyuma, hedifoni masikioni. Na humo njiani, bila kuulizwa, mwanawe akaanza kuongea. Akasema habari za bosi wake mkali, za chumba kinachovuja, za siku aliyopanda ngazi ndefu akatetemeka mpaka bisibisi ikamponyoka. Msusi aliduwaa, lakini hakushangaa sana. Kazini kwake ndivyo watu wanavyofunguka, wakiwa wamempa kisogo. Mkazie mtu macho umwambie aseme lililo moyoni, atakusimulia habari za mvua.

Jioni ya mwisho ya majaribio, wakiwa katikati ya lile daraja, Mkuki akasimama.

"Mama, kuna jambo nataka kukuambia. Kuna..."

Kioo kikawa cheusi. Watengenezaji wamezima mitambo. Majaribio yamekwisha, asanteni kwa kushiriki.

Mama akairukia simu. "Ulikuwa unasema nini, baba?"

"Ah, si kitu. Tutaongea gemu ikitoka."

Tutaongea gemu ikitoka! Hebu jiweke mahali pake. Kuna nini? Kuna ugonjwa? Kuna kesi? Tangu siku hiyo, wakati wengine wanangoja joka na mapanga yanayowaka moto, yeye alikuwa anangoja nusu ya sentensi. Usingizi ukawa wa kuibia, na chakula kikawa hakina ladha.

Huku nako, kwenye jukwaa la wachezaji mtandaoni, kelele zilikuwa za kupasua masikio. Wanataka farasi. Wanataka ndege wa kupanda. Wanataka milango ya kichawi, unagusa tu umefika. Eti njia ni ndefu, inachosha! Bibi Kitana akafura, akaandika kwa vidole viwili: "Nyinyi mna haraka ya kwenda wapi? Iacheni njia ilivyo. Wengine ndimo tunamoongea na watoto wetu."

"Nani atasoma hayo?" akauliza dada wa kucha, jirani yake pale saluni.

Walisoma. Wa kwanza alimkejeli. Wa pili akasema yeye humo alikuwa anatembea na kaka yake aliye ng'ambo. Wengine wakadakia, mpaka watengenezaji wakatangaza: ndege watakuwepo kwa wenye haraka, lakini njia itabaki. Vigelegele vikapigwa saluni, hadi mteja aliyesukwa nusu kichwa akainuka kucheza. Kisha dada wa kucha akasoma mstari wa chini. Gemu imeahirishwa hadi mwakani.

Mwakani! Msusi akaketi kwenye kiti cha wateja. Mpaka mwakani si atakuwa amekufa kwa mawazo?

Asubuhi iliyofuata akiwa njiani kwenda kazini akapiga simu, na safari hii hakumpa mtu nafasi ya "nzuri" na "hakuna".

"Uko wapi?"

"Natoka nyumbani, naenda kazini."

"Kwa miguu?"

"Kwa miguu."

"Mimi pia. Basi usikate simu. Wewe tangulia, mimi nakuja nyuma."

Akasikia hatua za mwanawe, pikipiki ikipita, mtu akimsalimu. Yeye naye akapita duka la viatu, akapita kituo cha mafuta, hakutia neno. Na kunyamaza kwa mama huyu si kazi ndogo, jamani!

"Mama."

"Nakusikia."

"Kuna dada mmoja. Anauza vipuri vya majokofu. Nampenda, mama. Ana binti yake, ameshaanza shule. Niliogopa utakataa."

Msusi akasimama katikati ya barabara. Dereva akampigia honi na kumporomoshea matusi, wala hakumsikia. Kumbe ni hilo? Muda wote huu amekonda kwa hilo? Machozi yakamtoka, akacheka na kulia kwa pamoja.

"Mama? Upo?"

"Nipo. Anajua kushika ngao?"

"Nani?"

"Mkwe wangu. Maana kwa watu wawili lile joka ni kufa bure. Na huyo mjukuu wangu mwambie nafasi ya mganga msaidizi iko wazi."