Kitabu cha Nne Kabla ya cha Pili

Nilisoma kitabu cha nne kabla ya cha pili kwa sababu ndicho kilichobaki kabatini. Kabati la vitabu la parokia yetu, pale Élisabethville, lilifunguliwa Jumapili baada ya misa, na sista mwenye ufunguo alimpa kila msichana kitabu kimoja tu. Vile nilivyovipenda vilikuwa vitano, vya Kifaransa, juu ya familia iliyoishi ndani ya mashua ya mizigo kwenye mto wa nchi ya baridi. Mama yao alikwisha kufa. Dada mkubwa ndiye aliyewalea wadogo zake. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Niliporudisha cha kwanza, cha pili na cha tatu vilikuwa kwa wengine.

Ukurasa wa kwanza tu wa kile cha nne, watoto wanapeleka maua kwenye kaburi la dada yao.

Mimi sikujali sana. Nilitaka hata kujua alifikaje pale. Shida ilikuwa mama.

Mama hakujua kusoma. Baba alifanya kazi ya reli, siku nyingi yuko safarini, na alasiri mama akitwanga sombe, majani ya muhogo, mimi nilimsomea, nikigeuza Kifaransa kuwa Kiswahili chetu. Cha kwanza alikwisha kukisikia. Cha nne alikikataa.

"Hapana. Muntu anaingia mu nyumba kwa mulango. Tutangoja ya pili."

Tulingoja wiki tatu. Katika kitabu hicho cha pili, dada anamkataa mchumba ili asiwaache wadogo zake. Mama aliuweka mchi chini.

"Uyu mutoto iko na roho muzuri. Mungu atamusaidia."

Tangu siku ile, kwenye sala ya jioni, akishamtaja baba na sisi watoto, alimtaja na msichana wa mashua. Wadogo zangu walijibu amina. Nami nilijibu amina. Mara mbili nilitaka kumwambia. Nikamtazama usoni, nikaenda kuchota maji.

Katika kitabu cha tatu msichana wa mashua alishikwa na homa. Nilisoma polepole, nikifika mahali pabaya nakunywa maji. Msichana alipokata roho, mama hakulia. Alinitazama mimi, maana sauti yangu haikubadilika hata kidogo.

"Weye ulikuwa unajua."

"Ndiyo, mama. Iko mu kitabu ya ine."

"Na uliniacha niombe?"

"Niliogopa utahuzunika."

"Kuhuzunika njo kazi yangu, haiko yako."

Aliinuka akaenda kusonga bukari, ugali wetu wa jioni. Wakati wa sala alimtaja msichana yule miongoni mwa marehemu, karibu na bibi yangu, akaendelea na wengine. Niliona haya kuliko ambavyo ningeona kama angenipiga.

Cha nne tulikisoma bila maneno mengi. Nilipoleta cha tano, alinirudishia mkononi.

"Soma weye kwanza. Kama kuko muntu wa kufa, uniambie."

Nilikisoma peke yangu kwa siku mbili. Hakufa mtu; mdogo wa mwisho aliolewa na mwenye mashua nyingine. Nikamwambia yote, kisha nikaanza kumsomea. Tulipofika katikati alipiga mwayo.

"Hii haina chumvi," alisema. Jumapili iliyofuata alinituma kwa sista nikaombe vitabu vingine, vyovyote, ila nianze na cha kwanza. "Na usifungue mu njia."