Mulango Haupigwi Kofi

Mama mwenye karavani ya kuvalisha maharusi kule Karavia huangalia mulango kwanza, bantu baadaye. Hufungua kadirisha ili hewa ipate pa kutokea, akabinya kitasa, akasukuma kwa kiganja mpaka kiseme ka. Raba ya pembeni huipakaza gliserini, ile ile anayojipaka mikononi, na kitasa hukisugua na mshumaa, maana ni cha zamani, na Lubumbashi nzima hakina mwenzake. Kikipinda, hakuna bibi-arusi atakayevalia mule tena. Basi mashangazi wa maharusi wakija na vishindo vyao na kuubamiza, anawakemea: "Ehe! Hii haiko mulango ya taksi! Unamupigaka mutoto kofi juu ya kumulalisha?"

Jumamosi ile bibi-arusi alikuwa Dorcelle, binti yake mwenyewe. Alimfunga zipu, akamtazama. Mara fanfari ya matarumbeta ikalia barabarani. Mama akashuka nyuma ya binti, mikono imejaa mkia wa gauni, kiuno kimeshaanza kucheza, akaufunga mulango na matako. Pwaa! Karavani nzima ikatikisika. Fanfari yenyewe ikanyamaza.

Dorcelle akageuka, kidole juu. "Mama! Hii haiko mulango ya taksi!"

Mama akaachia gauni, akarudi mbio, akafungua, akabinya kitasa taratibu, akatega sikio. Ka.

"Iko muzima!" akapiga kelele.

"Lete shavu, tukulalishe!" wakasema mashangazi wa Dorcelle waliokuwa wakingoja nje. Akalileta, akicheka, nao wakalijaza mabusu mpaka poda yote ikamtoka.