Vituo Vitatu vya Mwisho

Watu hudhani jiofizikia ni kutafuta dhahabu. Miaka yote niliyosoma Kindu, wachimbaji wa Pangi waliokuja mjini walinisimamisha barabarani wakitaka niwaonyeshe mahali pa kuchimba. Nikiwajibu kwamba mimi natafuta maji, waliniangalia kwa huruma. Maji si yamejaa mtoni? Mimi ni mtu wa hasira za karibu, kwa hiyo sikuwaeleza. Niliyemweleza ni mama yangu. Kwetu, mtaa wa Mikelenge, chemchemi ilikuwa mbali, na ndoo ilikuwa kichwani mwake.

Kazi yangu ya mwisho ya masomo ilikuwa kupima vituo kumi na viwili, mstari mmoja, katika mtaa wetu. Njia yenyewe si ngumu. Unapigilia ardhini vigingi vinne vya chuma, unapitisha umeme wa betri ya gari, unasoma mshale wa kipimo. Ardhi yenye maji hupitisha umeme kwa urahisi, mwamba mkavu hukataa. Ila wakati wa kiangazi udongo wetu mwekundu hukauka hadi kigingi hakishikani nao, na mshale unatetemeka tu bila kukuambia kitu. Dawa yake ni kukimwagia kila kigingi maji ya chumvi.

Na chumvi ndiyo haikuwepo. Vita vilikuwa vimefunga barabara, treni haikuja, na ndege chache zilizotua zilileta vitu vya wenyewe. Watu walifunga chumvi ndani ya kitambaa na kukifungua siku ya mgeni. Mama alikuwa na kopo moja. Nilizunguka siku mbili kabla ya kumwomba, maana ombi lenyewe lilikuwa la aibu: nipe chumvi nikaimwage chini.

Aliniuliza kama asistanti wa chuo, yule aliyekuwa ananisimamia, ana akili timamu. Kisha akanipimia kikombe kizima. Kuanzia siku hiyo alichoma majani ya mtoni, akachuja majivu yake, akapikia sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, kwa maji yale machungu badala ya chumvi, na wadogo zangu wakanuna kila walipokaa kula. Leo najua maji ya majivu yangepitisha umeme vizuri tu. Wakati ule sikuwa na akili hiyo, na asistanti hakuwa nayo pia. Majirani walisimama kunitazama nikimwaga. Mmoja alisema kwa sauti, makusudi nimsikie, kwamba shule imeniharibu.

Kikombe kiliishia kwenye kituo cha tisa. Mwenzangu wa darasa aliyekuwa ananishikia waya alikuwa ameshakimbilia Kibombo na familia yake, baada ya uvumi kwamba mapigano yanakaribia. Nilijaribu kituo cha kumi peke yangu, bila chumvi. Mshale ukatetemeka. Nikasogeza vigingi, nikavigonga tena, nikautukana udongo, kisha nikakusanya vyombo nikarudi nyumbani.

Mama alikuwa uani. Aliniuliza kama nimemaliza, nikasema nimemaliza. Aliniangalia kidogo.

"Kama inabakia, sema. Mu kopo iko kitu bado."

"Nimemaliza, mama."

Sikutaka wadogo zangu waendelee kula majivu kwa ajili yangu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na ilikuwa kweli. Ila pia nilikuwa nimechoka, na nilitaka diploma yangu kabla chuo hakijafungwa tena. Nikaketi mezani nikatunga namba za vituo vitatu. Nilizitunga vizuri. Kituo cha kumi na mbili kilikuwa karibu na nyumba yetu, basi nikakipa mchanga wenye maji kuliko vyote. Nilipokuwa nadanganya nilijipendelea pia. Siku ya kuitetea kazi, walimu walikisifu kituo hicho hasa. Mama alicheza hadi kitambaa kikamdondoka kichwani.

Sasa nafundisha chuoni hapo hapo. Mwaka huu kamati ya mtaa ilipata mashine ya kuchimba kisima, kisima kimoja tu, na fundi wake akaenda maktaba akaikuta kazi yangu. Walikuja kwangu kwa furaha, mama mbele, maana siku hizi yeye ndiye mkubwa wa akina mama katika kamati. Fundi alikuwa ameweka alama nyekundu kwenye kituo cha kumi na mbili.

Nilimwambia ingefaa tupime upya. Alikubali haraka: vifaa vya zamani vilikuwa vibaya, akasema, si kosa la mtu. Hapo alinipa njia ya kutokea, pana kabisa. Heshima yangu ingebaki na kisima kingepata mahali pake. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumshukuru, ndipo nikamsikia mama akiwaambia wenzake huku akininyooshea kidole:

"Njo ule mutoto alimwaga chumvi yangu chini. Muone, imezaa."

Nikasema mbele yao wote kwamba vituo vitatu vya mwisho sikuvipima. Namba zile nilizitoa kichwani. Niliona haya hadi masikio yakawaka moto. Fundi aliinamia karatasi zake akijifanya anasoma.

Mama hakunitetea.

"Nilikuuliza," alisema polepole. "Chumvi yenye ilibakia nilikuwekea weye. Tulikula majivu mwezi muzima, nayo iko mu kopo."



Kesho yake tulipima. Alikuja na kiti chake, akakiweka karibu na kituo cha kumi na mbili. Tulivimwagia vigingi vyote vinne maji ya chumvi, na safari hii namba ilitulia mara moja. Mwamba mkavu, kuanzia karibu kabisa na juu. Mama aliniuliza kile chombo kinasema nini.

Nikamwambia kinasema hapa hakuna maji.

"Andika," akasema, na akangoja mpaka nimeandika.