Nyumba ya Gitega aliyoihama baba

Nyumba yetu ya Gitega baba, fundi cherehani, aliijenga mwaka wa uhuru. Alipozeeka alitaka ibaki kwangu, kwa kuwa nilikuwa nimeachika na kurudi humo na watoto. Kaka yangu, mwenye duka Muyinga, aliitaka pia. Baba akamwita mwanasheria aandike wasia; alipokuja, kaka naye akaja.

“Muzee, wasia hautamsaidia binti yako,” alisema mwanasheria.

Usiogope, msomaji, jambo lenyewe si gumu. Kwetu Waislamu, huwezi kumuusia mrithi mmoja zaidi ya fungu lake, ila wenzake wakubali. Lakini ukiwa hai unaweza kumpa hiba, yaani zawadi, mradi umkabidhi kweli.

“Basi andika hiba,” baba akasema.

“Nitaandika. Ila we ukibaki humu na cherehani yako, kesho watasema hukumpa kitu.”

Kaka akacheka. “Baba ahame? Magoti yenyewe iko namna hii! Mi nataka nione.”

 “Baba, tuache tu,” nikasema.

 Baba aliinuka, akaikokota cherehani hadi barazani huku akihema, akarudi kuchukua msala wake wa kuswalia. Kisha akanitia funguo mkononi.

“Leo nalala kwako Muyinga,” alimwambia kaka. “Bibi yako aongeze maharage.”

Kaka alitazama chini. Mwanasheria akamsogezea kalamu.

“Umeona kwa macho yako. Tia sahihi hapa, penye shahidi.”

Aliishika, akatia.