Mburuzo Uliofutwa

Verlene Tillis alizaliwa kwenye ufagio. Huko Florida, enzi za wazee wake, ua wa nyumba haukuachwa uote nyasi. Ulifagiwa kila asubuhi kwa vijiti vilivyofungwa pamoja mpaka mchanga ukabaki mtupu, nyoka akose pa kujificha. Leo ana miaka hamsini na minane na bado anasawazisha mchanga, ila si wa ua wa mama yake. Ni ufuko wa bandia wa hoteli ya watalii, kando ya ziwa jeusi, na ufagio wenyewe ni reki pana yenye meno kumi na sita.

Alfajiri ndiyo saa yake. Ukungu umelala juu ya maji, korongo kasimama kwa mguu mmoja, reki inapita shaa, shaa, shaa, na Verlene anakuwa nusu macho, nusu usingizini. Mara nyingi humwona Dewey, mdogo wake, akitembea mbele ya reki, amevaa shati refu la baba yao. Ana miaka miwili vilevile, hakui. Verlene hamwiti. Anamwacha atembee mpaka jua litoke, halafu anamkosa.

Jumanne moja reki ilisimama ghafla. Mchangani palikuwa na mfereji laini wa tumbo, nyayo za vidole huku na huku, na mstari wa mkia katikati. Mamba alikuwa ametoka majini usiku, akapanda hadi kwenye ndoo nyekundu ya mtoto iliyosahauliwa jana yake, akaizunguka, akarudi. Kando ya ndoo palikuwa na peremende mbili nyeupe, zile laini kama pamba, zimelowa umande.

Ndoo ilikuwa ya Posy, kibinti cha miaka mitatu kilichokuja likizo na babu yake kutoka Ohio. Ndicho kilichomwita Verlene "Bibi Reki" mbele ya wageni wote, wakacheka, naye akacheka. Verlene akaenda kumwita meneja.

Bwana Prentiss, meneja, alikuja na kikombe chake cha kahawa. Aliutazama mburuzo kidogo tu.

"Futa, Bi Verlene. Wageni wanashuka saa moja."

"Huu si wa kufuta. Huyu ni wa futi tisa, na anakuja kwa sababu analishwa. Keshatuzoea."

"Ziwa zima lina mamba, mama. Hii ni Florida. Kibao si kipo?"

"Kibao kinasema msiogelee. Neno mamba limeandikwa wapi?"

"Tukiliandika, nani atalala hapa? Wewe?"

"Miaka kumi na mmoja nawafutia, bwana. Leo sifuti. Mwite mtegaji aje amwondoe."

"Nitamwita wiki ijayo, watu wakipungua," alisema Prentiss. Akaweka kikombe chini, akaichukua reki, akafuta mwenyewe akiwa na viatu vyake vya ngozi, vibaya vibaya, kama anayechana nywele za mtu aliyemkasirisha. Jamani, kuna watu hawaoni haya!

Zamu ya Verlene iliisha saa tisa alasiri, lakini hakwenda nyumbani. Alikaa mchangani akila mkate wake baridi wa mahindi, akiyatazama maji. Jua lilipoanza kushuka, ziwa likageuka rangi ya asali, na kila kitu kikatulia mno. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na saa hiyo ndiyo saa ya mamba kula.

Babu yake Posy, Bwana Lundquist, alishuka akimshika mjukuu mkono, na mfuko wa peremende kwapani. Mtu mwenye uso mwema, wa kumpisha hata chura njiani.

"Tuna rafiki humu," alimwambia Verlene. "Tumempa jina, Harold. Mpole, huwezi kuamini! Ukipiga maji kidogo tu, huyo anakuja."

Posy alikuwa tayari amechuchumaa ukingoni, ndoo pembeni yake, anapiga maji kwa kiganja. Chubwi, chubwi. Verlene hakuuliza mtu. Alimnyanyua mtoto, akarudi naye nyuma hatua kumi.

"We mama, vipi? Mweke chini mjukuu wangu!"

"Mimi wangu nilimwita Sukari," alisema Verlene.

"Nani?"

"Mamba wangu. Nilikuwa na miaka tisa. Baba akipasua kambare kwenye gati letu, mimi natupa vichwa majini. Nampigia maji hivihivi, anakuja. Asubuhi naukuta mburuzo wake uani kwetu, naufagia haraka, baba asije akauona akanichapa. Kila asubuhi. Mdogo wangu Dewey alijifunza kupiga maji kwa kuniangalia mimi. Siku moja akayapiga peke yake, Sukari akaja, akamchukua."

Mzee alishusha mfuko.

"Baba alikufa akijiuliza yule mamba aliizoeaje nyumba yetu. Sikumwambia. Sijamwambia mtu, bwana, mpaka leo. Nakwambia wewe kwa sababu naona huna ubaya. Hata mimi sikuwa nao."

Ndoo nyekundu ilikuwa bado ukingoni, ikichezacheza. Maji hayakutoa onyo lolote. Yalifunguka tu, kichwa kipana kikapanda mchangani, taya zikajifunga kwaa, na plastiki ikapasuka. Kisha maji yakajifunga, rangi ya asali ileile.

Mzee Lundquist aliketi mchangani.

"Harold kachukua ndoo yangu," alisema Posy, na ndipo babu yake akaanza kulia.

Usiku ule hapakuwa na cha kusubiri wiki ijayo; mtegaji alikuja na gari lake, akamtoa mamba.

Alfajiri ya Jumatano Verlene alirudi na reki yake katika ukungu. Alisawazisha alama za magurudumu na za viatu, shaa, shaa, akafika ukingoni, akasimama. Nyayo ndogo za Posy zilikwenda hadi yalipoanzia maji, zikakoma hapo. Kando yake nyayo za Verlene zilirudi nchi kavu, zimezama sana, kwa kuwa zilibeba wawili.

Hizo hakuzigusa. Mbele yake Dewey alikuwa anatembea na lile shati refu, na safari hii alimwita.

"Dewey," alisema, "ni mimi niliyemzoesha Sukari. Nisamehe, mdogo wangu."