Jino la Mwalimu Zuhura

Wifi yangu Zuhura hajui kusema "labda". Kwa miaka kumi na minne amefundisha wanawake wa Mtawanya kusoma Kurani, kila alasiri, barazani kwake. Ukikosea herufi anakurudisha mwanzo wa aya, hata kama wewe ni mke wa kaka yake. Nasema kwa uchungu, maana mimi ndiye ninayerudishwa kuliko wote.

Mwaka jana jino lake la mbele, la juu, lilitoboka likaanza kumuuma. Hakuhangaika. Alifanya kama tunavyofanya watu wa korosho: alichukua mafuta meusi ya ganda, yale yanayotubabua vidole wakati wa kubangua, akachovya pamba kwenye ncha ya kijiti, akagusa tunduni. Ufizi uliungua, akatema mate kutwa nzima, na siku ya tatu maumivu yakakata. Akatutambia kwamba jino limepona.

Baada ya miezi saba kikatokea kipele kwenye ufizi, juu ya jino lile. Kinajaa, kinapasuka, kinatoa usaha, kinajaa tena. Akanunua vidonge duka la dawa; kikanywea, kisha kikarudi. Jino likageuka kijivu. Halafu mdomo wa juu ukavimba, na hapo ndipo alipoogopa. Wifi haogopi maumivu. Aliogopa kung'olewa, kwa sababu herufi ya dhali inataka ncha ya ulimi iguse meno ya mbele, na mwalimu mwenye pengo atamsahihisha nani?

"Likitoka hili, nafunga darasa," aliniambia.

Nikampakia kwenye bajaji mpaka mjini, kwa daktari wa meno aitwaye Faraja, binti mpole mwenye mikono midogo. Alilipiga jino picha, akatuonyesha doa jeusi kwenye ncha ya mzizi, kisha akauliza aliweka nini. Wifi akajibu kwa fahari, kama anayetoa siri ya ukoo. Daktari hakucheka. Alieleza kwamba ndani ya jino kuna nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Vijidudu vilishaingia kupitia lile tundu, na mafuta yakamalizia kuua kilichobaki.

"Maumivu yaliisha kwa sababu jino lilikufa, mama, si kwamba lilipona," alisema. "Uozo umebaki ndani, unatokea kwenye ncha ya mzizi. Vidonge husafiri na damu, na humo damu haifiki tena."

Wifi akauliza kama ni lazima litoke.

Haikuwa lazima, kwani mzizi ulikuwa haujapasuka. Daktari alimchoma ganzi, akatoboa jino kwa nyuma, akaingiza vyuma vyembamba kama sindano akikwangua uozo, akasuuza, akaweka dawa na kuziba kwa muda. Safari ya tatu kipele kilikuwa kimekauka, akajaza mzizi na kuziba moja kwa moja. Alimtaka wifi arudi baada ya miezi sita, ampige picha nyingine aone kama mfupa umejijenga. Wifi hakungoja hata kuteremka kitini. Mdomo ukiwa bado na ganzi, alijaribu kutamka dhali, yakatoka mate. Nilicheka mpaka nikaombwa nitoke nje.

Kesho yake dhali ilikuwa mahali pake. Lakini hakufungua msahafu. Alitukalisha, wanawake kumi na mmoja, akatutazama mmoja mmoja.

"Mafuta ya korosho niliyokuwa nikiwatia kwenye meno, nilikosea," alisema. "Yanaua jino, ugonjwa unabaki. Niliyemtia kwa mkono wangu anyooshe mkono."

Saida alinyoosha kwanza, wakafuata wengine wawili. Nami nikanyoosha wangu. Wifi alinikazia macho mpaka nikaanza kujitetea.

"Lakini langu haliumi, wifi. Tangu siku ile halijauma hata kidogo."

"Ndiyo maana tunakwenda kesho," alisema.